Aliyeweka Mguu Kitandani Si Mume Wangu

*Sanduku la Mama Ursula liko kwenye ujia, nje ya chumba cha wasichana wa Malkia, hapa jumba la Mfalme, Greenwich. Barua husomwa kwa sauti kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Majina nimeyabadilisha, kwa hiyo wapenda kukisia watulie washone.*

Mama Ursula mpendwa,

Naomba unisaidie, na unisaidie upesi, maana Pentekoste ikifika nitalazwa kitanda kimoja na mwanamume ambaye sijawahi kumtia machoni, na watu wote wa jumba hili wanasema ndiye mume wangu, na mimi hadi juzi nilikuwa na mume mwingine kabisa, angalau kichwani mwangu.

Mimi ni mtoto wa kaskazini, Westmorland, nimelelewa na shangazi zangu wawili ambao ni watawa, na baba alipokuja kunichukua vuli iliyopita aliniambia njiani, yeye juu ya farasi wake na mimi juu ya wangu, kwamba nimepata nafasi ya kumtumikia Malkia na tena nimepata mume, mtu wa ukoo wa Thirkell, watu wa heshima, nikamuuliza yukoje, baba akasema ana meno yake yote, basi nikaona nisiulize zaidi, kwa sababu shangazi zangu walinifundisha kwamba msichana anayeulizauliza habari za mume ana haraka.

Harusi ilifanyika wiki ileile niliyofika, katika kanisa la humu jumbani, Malkia mwenyewe akiwepo, na kabla sijaingia nilikuwa chumba cha pembeni nikifungwa kamba za gauni, nikamsikia kasisi akisoma kitu kirefu kwa Kilatini, nikadhani ni sala, nikaingia, nikamkuta kijana mrefu amesimama pale, wakamwita Bwana Thirkell, akanishika mkono, akajibu kila alichoulizwa, akanivika pete, nami nikajibu kila nilichoulizwa na sitakuficha kwamba nilijibu kwa furaha. Jioni nikalazwa kitandani chumba kikiwa kimejaa watu, akaja yule kijana na nguo zake zote mwilini isipokuwa soksi moja ndefu, akaingiza mguu huo mtupu chini ya shuka mpaka ukagusa wangu, ulikuwa wa baridi, kasisi akasema ndoa imetimia, watu wakapiga makofi, kijana akautoa mguu wake, akavaa soksi, akaniinamia kwa heshima, akaenda zake kula.

Wewe, Mama, na kila aliyekulia hapa mnajua maana yake. Mimi sikujua, kwetu watu wakioana wanaoana wenyewe. Nilidhani ni desturi ya jumbani, kwamba sisi tunaolala karibu na Malkia hatukai na waume zetu mpaka Malkia atoe ruhusa, na kweli wapo wake wengi hapa wanaoonana na waume zao sikukuu hadi sikukuu, basi nikangoja kama wao, na wakati nangoja nikafanya anachofanya mke, nikamshonea mume wangu mashati. Kipimo nilikichukua kwa macho. La kwanza nilimpa Krismasi na la pili kabla ya Kwaresima, akayapokea, akasema mshono ni mzuri, na lile la kwanza akawa analivaa kwenda Misa, nami nikikaa upande wa wanawake naiona kola yangu shingoni mwake na moyo unanijaa. Yeye naye hakuja mikono mitupu, mara aliniletea machungwa yamefungwa kwenye kitambaa, mara glavu za ngozi laini ya mwanambuzi, mara pakiti ya sindano nzuri ambazo sijawahi kuziona mfano wake, na kila mara akinikabidhi ananiita Bibi Thirkell, anatabasamu, anasema, "Haya, zimefika," na kuondoka, nikadhani ni aibu ya kiume.

Juzi tulikuwa tunakunja shuka, na Bi Joan Fettiplace, yule mkubwa wetu, akaniambia nianze kukusanya vitu vyangu.

"Tumekupatia chumba juu ya lango," akasema. "Mumeo anashuka melini Dover kabla ya Pentekoste."

Nikacheka, Mama, nikacheka mpaka shuka likaniponyoka. "Mume wangu yuko pale chini anacheza tenisi," nikasema, nikamwonyesha dirishani.

Wanawake wote wakacheka wakidhani nafanya mzaha. Bi Joan akanitazama usoni, akaacha kucheka.

"Yule ni Gilbert," akasema taratibu. "Mumeo ni kaka yake, Humphrey, nahodha wa askari wa lango kule Calais, ng'ambo ya bahari. Gilbert alikuwa wakili wake tu, alijibu na kutia mguu kwa niaba yake, kwa sababu Humphrey hakuweza kuacha zamu. Mwanangu, kwani hukuambiwa?"

Nilishuka palepale. Nikamkuta Gilbert anatoka uwanjani, jasho linamtiririka, na mwilini amevaa shati langu, nikamuuliza yeye ni nani yangu. Akajifuta uso, akasema alidhani najua kwa kuwa kila mtu anajua. Nikamuuliza habari ya mashati.

"Nilidhani ni ya kaka," akasema. "Nilidhani unanipimia mimi kwa vile tunalingana mwili. Nikalijaribu."

"Umelijaribu tangu Krismasi?"

Akaitazama raketi yake kama jibu limeandikwa humo. Kisha akasema, "Pole, shemeji." Kabla ya hapo hakuwahi kuniita shemeji hata siku moja, Mama, na tangu hapo sijala vizuri.

Kasisi anasema ndoa ni halali na haina kasoro. Baba ametuma mtu kusema nisimtie aibu. Huyo Humphrey ninachojua ni kwamba amenizidi umri sana na alifiwa na mke. Gilbert nampenda, au nilimpenda nikidhani nina haki ya kumpenda, na sasa sijui nimpeleke wapi mtu niliyempenda kwa kosa. Shati la tatu liko kwenye kikapu, limebaki mikono tu. Je, ni lazima nilale na huyo nahodha? Au mume wangu ni yule ambaye mguu ulikuwa wake?

Ni mimi,
Mshona Mashati

Mama Ursula anajibu:

Mshona Mashati binti yangu,

Pole sana. Naitanguliza pole kwa sababu nitakugombeza kidogo, halafu nitawagombeza wengine zaidi.

Tangu vuli unalala chumba kimoja na wanawake wasiofunga midomo hata usingizini, na hukupata hata mmoja wa kumwambia, "Dada, mbona mume wangu haji?" Shangazi zako ni watu wa Mungu, lakini katika hili walikupotosha. Kuuliza si ujinga. Kukaa kimya miezi yote hiyo na sindano mkononi, huo ndio nauita ujinga, na nausema kwa mapenzi.

Baba yako naye. "Ana meno yake yote!" Nimesikia farasi wakielezwa kwa urefu kuliko hapo. Na kasisi wetu alisoma hati ya uwakili kwa Kilatini, bibi harusi akiwa chumba cha pili anafungwa kamba, kwa sababu ndivyo inavyofanywa hapa siku zote. Nilikuwepo, nimekaa benchi la tatu, nikapiga makofi na wenzangu. Hakuna aliyefikiri kukuuliza kama unaelewa. Sisi watu wa jumbani kile tunachokijua wote huwa hatumwambii mgeni, kisha tunashangaa mgeni akijikwaa.

Sasa tuje kwenye swali lako. Ndoa ya wakili ni halali endapo anayeolewa anajua anaolewa na nani. Aliyemkubali mtu mmoja akidhani ni mwingine hajakubali kitu, na Kanisa linalijua hilo vizuri, hata kama kasisi wetu amelisahau. Lakini litalazimika kuthibitishwa mbele ya hakimu wa askofu, na ushahidi unao, tena mzuri. Ni kile kicheko chako. Bi Joan alikisikia, na kundi zima la wanawake likakisikia, na hakuna mwanamke anayejua mumewe yuko Calais anayeweza kucheka vile na kumwonyesha kidole mwanamume mwingine dirishani. Ila nisikilize vizuri hapa: ukikubali kulazwa na nahodha Pentekoste, hali unajua ni nani, umemkubali, na hakimu hatakuwa na la kukusaidia. Kwa hiyo kitandani huendi. Wala usijitie homa, maana homa huisha na kitanda kitakuwa palepale. Sema hapana kwa mdomo wako, ukiwa mzima.

La pili utalipenda kidogo zaidi ya dawa ya minyoo. Gilbert si mumeo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami naongeza kwamba mguu wa kuazima hauoi. Kila alichosema siku ile alikisema kwa niaba ya kaka yake. Na ukitaka kumwandama sasa utahitaji ruhusa ya Baba Mtakatifu kutoka Roma, na habari za mtu kuoa mke wa kaka yake, katika jumba la Mfalme wetu, huwa hatuzisemi kwa sauti.

Tena huyo Gilbert mwenyewe tumtazame. Nimezika waume watatu na nimewashonea wote, na sijaona shati linalojaribiwa kuanzia Krismasi hadi karibu na Pentekoste. Alijua. Pengine hakujua siku ya kwanza, lakini alijua alipokuona unavyomtazama kanisani, akanogewa kutazamwa, akanyamaza. Simwiti mtu mbaya. Ni kijana mwoga mwenye miguu mizuri, na hao hapa Greenwich tunao wa kutosha.

Barua yako nimeirudia mara ya pili, na nilikwama kwenye machungwa. Gilbert ni mtoto wa pili, hana shamba wala cheo, anakula jikoni kwa Malkia na hata viatu vya tenisi huazima. Machungwa atoe wapi? Machungwa huja na meli, glavu kama hizo huja na meli, na sindano ambazo hujawahi kuona mfano wake pia huja na meli, na meli hizo kabla ya kufika kwetu hutia nanga Calais. Halafu soma maneno yake mwenyewe: "Haya, zimefika." Hivyo husema mpagazi, binti yangu. Mchumba husema, "Nimekuletea."

Kwa hiyo kuna mtu kule langoni aliyesikia kwamba mke wake anapenda kushona, akaenda kununua sindano. Watu wa zamu si watu wa kalamu, akatuma vitu bila barua, na nina wasiwasi kwamba hadi leo anajiuliza mbona mke wangu hajaniletea hata shati moja.

Sikwambii umpende. Huenda ana hasira, huenda ananuka baruti, huenda machungwa ndiyo mema yake yote. Nakwambia tu kwamba katika wanaume wote uliowataja, yeye peke yake ndiye ambaye hajakudanganya, na yeye mwenyewe amedanganywa sawa na wewe.

Basi fanya hivi. Kesho baada ya Misa mchukue Bi Joan, mwendee Gilbert, umuulize mbele yake machungwa yalitoka kwa nani. Usimuulize kuhusu moyo wake, utapata hotuba. Akishajibu, nendeni moja kwa moja kwa hakimu wa askofu, aandike kwamba uliolewa bila kujua, na kwamba umesema hivyo kabla nahodha hajakanyaga Dover. Malkia tuachie mimi na Joan. Yeye naye aliwahi kuwa mgeni hapa, hataruhusu ulazwe kwa nguvu chini ya paa lake. Baba yako mtumie jibu kwa mtu yuleyule: mwambie aibu ilishafika vuli, aliileta mwenyewe juu ya farasi.

Nahodha akifika, umpokee ukumbi wa chini, mchana, umesimama, Joan pembeni yako. Umwambie yote wewe mwenyewe kabla hajasikia jikoni, pamoja na habari ya mashati, usimfiche hata moja. Akifoka, hakimu yupo na maneno yako yameshaandikwa, utabaki huru. Akikusikiliza mpaka mwisho na kukuuliza unataka nini, hapo utakuwa na mtu wa kumfikiria, na mkitaka mtaoana upya, kwa lugha unayoielewa, na mguu atauleta wa kwake. Usipomtaka, husemi kwa nini. Utarudi kwenye chumba cha wasichana, na nafasi yako kitandani kwa Joan bado ipo, nimemuuliza.

Gilbert ayarudishe mashati yote mawili, na awe ameyafua. Hilo la tatu liache kikapuni, mwanangu. Usiishone mikono yake mpaka umemwona nahodha mwenyewe amesimama mbele yako, ukampima mabega.