Miguu Iliyopata Njia ya Tseikuru

Jumamosi. Jua kali, vumbi imeingia mpaka kwa chai.

Naandika mwenyewe na kidole kimoja. Shule niliacha mapema, lakini habari ya basi za kwanza za kwenda Tseikuru hakuna mtu hai ananishinda. Nilikuwa mpakiaji wa keria, mizigo ya juu ya basi. Gunia ya mbaazi mgongoni, napanda ngazi basi ikiwa inaondoka! Wasichana wa Mwingi walikuwa wanasimama kuangalia.

Dereva alikuwa Musyoka. Mimi sisifu watu ovyo, lakini huyo namsifu. Akifika mto wa mchanga, ile mikavu isiyo na daraja, anazima injini, anavua viatu, anatembea ng'ambo hadi ng'ambo akisikiliza mchanga kwa nyayo. Halafu anasema, "Shukeni, kateni matawi." Hata pasta na suti yake anakata. Tunatandika, basi inapita.

Miaka hii yote nimewaambia watu kwamba ile safari ya kwanza, mahali pa kuvuka nilionyesha mimi.

Nilionyesha kweli.

Lakini nilionyesha mahali mbuzi za baba zilikuwa zinavukia. Nikamwambia Musyoka asivue viatu, hapo ni pagumu. Basi ikazama mpaka milango. Mama mmoja akapiga kelele, "Dereva gani wewe! Hata punda yangu inajua mto!" Musyoka akajibu, "Nimekosea, mama." Hakunitaja. Tulichimba mpaka kesho yake, halafu akatembea juu kidogo, akapata pagumu. Ni hapo daraja imejengwa leo.

Na mimi hujigamba ni mahali pangu.

Leo nilienda kumwona nyumbani kwake Kabati. Miguu imefura, hatembei tena. Binti yake akaniwekea chai, akasema, "Mzee, tuambie vile ulipata njia ya Tseikuru." Wajukuu wakasogea. Musyoka akaangalia kikombe chake tu. Nilijua hatasema. Angekufa hivyo, na mimi na sifa zake mfukoni.

Kichwa yangu ni ngumu, lakini nikasema yote. Mbuzi, mchanga, yule mama. Nikawaambia, "Njia ni ya hii miguu mnaona hapa."

Musyoka akacheka mpaka akakohoa. "Wewe umekwama miaka mingi kuliko ile basi."

Kesho baada ya kanisa wataniuliza tena habari ya ule mto, kama kawaida.

Nitaanza na mbuzi.