Mistari Miwili ku Jani ya Paluku

Lundi 10/11
Kupalilia tangu asubui. Mugongo unauma. Mahindi meupe ya mama, yenye tulikimbia nayo toka Luofu, imebakia layini sita tu. Hapa Rughenda hakuna mwingine yenye kuwa nayo. Ndevu zitatoka wiki kesho. Ngambo ya lupango, miti yenye kutenganisha mashamba yetu, jirani Paluku, shemasi wa Waprotestanti, alipanda ya manjano. Mbegu ya gunia bila jina, ilivuka mupaka. Anajisifu ati wadudu hawaigusi. Banakula yangu tu. Niko na wivu. Niandike ukweli.

Mercredi 12/11
Agronome Kasereka, bwana shamba wetu, alikuja na kikaratasi ya kupima. Alisaga jani ya Paluku mu kichupa na maji, akachovya. Mistari miwili miekundu. Donc, basi, ni mbegu yenye balitia dawa ya wadudu ndani yake kule mu laboratoire. Kula, anasema, pengine hapana shida. Shida ni vumbi ya maua. Upepo utaileta kwangu, na huku hakuna mutu amechunguza itazaa nini.
“Ikisha kuchanganyika, mama, hautaichambua tena.”
Nilimuomba Paluku akate maua ya juu, ile yenye kumwaga vumbi. Alikataa. Alisema mahindi yake haitazalishwa na mahindi ya mujane. Tuligombana ku lupango saa nzima.

Jeudi 13/11
Kavira, muke ya Paluku, alirudisha lungo yangu ya kupepetea. Aliona kikaratasi yenye Kasereka aliacha ku meza. Chai hakumaliza. Batu ba siku hizi, haraka tu.

Vendredi 14/11
Ku lupango tena na Paluku. Bure.

Samedi 15/11
Mu chorale, kwaya ya parokia, banapigania kuniletea kiti. Mama moja alinipa ndizi mbivu, akanikataza kubeba mizigo. Niko na miaka makumi tano na nane. Heshima imefika mwishowe. Nzuri.

Dimanche 16/11
Padri aliniita misa ilipoisha. Alizunguka, akazunguka. Mwisho akauliza kama baba ya mutoto atanisaidia.
Baba gani. Mutoto gani.
Parokia muzima inajua: kikaratasi ku meza, mistari miwili kama ya kipimo cha mimba, na Paluku yenye kusimama na mimi ku lupango kila siku. Nilicheka mupaka nikakaa chini. Kisha hasira. Kisha kucheka tena. Padri hakucheka mupaka nilipomueleza habari ya jani. Sasa yeye njo alishindwa kunyamaza.
Ndizi ile nilikuwa nimekwisha kuila.

Lundi 17/11
Paluku alikuja na Kavira. Uso kama majivu. Jana bazee ba kanisa yake balimusimamisha mbele ya batu bote. Ilibidi aseme: “Kipimo kile kilikuwa cha mahindi yangu.” Sasa kila mutu anajua mbegu yake, na bazee bamemuambia akate maua kabla haijamwaga vumbi, ugomvi uishe. Aliyasema haya yote akiangalia viatu vyake.
Kavira alisema polepole: “Yaya, dada mukubwa, unisamehe. Niliona miwili, nikahesabu mutoto.”
Nilimusamehe. Lakini nilimuacha asimame kidogo kwanza.

Mardi 18/11
Tulikata sisi batatu, kuanzia asubui mupaka mvua. Maua mingine ilikuwa imekwisha kufunguka. Naogopa. Kasereka anasema mahindi ya Paluku itazaa kwa vumbi ya yangu. Ni ya kula, si ya kupanda. Donc mimba iko kweli. Iko kwa Paluku.

Jeudi 5/2
Mvua ndogo. Nilimenya mahindi peke yangu. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Moja, ya layini ya kando ya lupango, ilikuwa na punje tano za manjano. Ile nilichemusha, nikakula na chumvi. Ilikuwa tamu. Zingine nimefunga na maganda yao, nimetundika juu ya moshi. Kavira aliomba mbili za kupanda. Nilimupa tatu. Alikunywa chai yote.