Ndiyo, Dada

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi ya zamu inanimaliza.

Nimesikia Mama Mkubwa anataka chumba cha kushonea, alichowaachia Bibi nyote wawili, kiwe stoo ya mwanawe. Miaka ishirini unashona sare mle, leo uende wapi? Pale mahakamani kuna msuluhishi. Mwombeni awakalishe pamoja kabla ya kesi, mpate kubaki ndugu.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule. Tulikwenda. Msuluhishi ni binti wa umri wako, lakini kichwa anacho. Kwanza alituita mmoja mmoja. Nilimweleza yote hadi nikalia. Kisha akatuweka pamoja. Mama Mkubwa akasema chumba ni chake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Nikaitikia, "Ndiyo, dada." Akasema mashine niihamishie barazani. "Ndiyo, dada." Unajua tulivyolelewa.

Binti akafunga faili, akanivuta pembeni: "Mama, usuluhishi haukufai. Wa kupatana lazima aweze kukataa, na wewe kwa dada yako huwezi. Hapa utatoa kila kitu kwa hiari yako. Nenda kwa hakimu." Niliona aibu, mwanangu, mtu mzima mimi.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Kosa ni langu, nilidhani kuzungumza kunatosha. Nimepata wakili wa msaada, hadai chochote. Atafika kwako Jumatatu ya tarehe 14. Mbele ya hakimu atasema yeye, wewe utanyamaza tu, na kunyamaza hujambo! Nakusihi jambo moja: usitie sahihi karatasi yoyote.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumai zamu zimepungua.

Wakili alifika jana, akaikuta mashine barazani. Mama Mkubwa alikuwa amekuja juzi, Jumapili, na karatasi ya kusema nimemwachia chumba. Hakunifokea. Alikaa jikoni, akanywa chai, akasifu hata sukari. Kisha akasema, "Mdogo wangu, weka jina hapa." Barua yako niliikumbuka, neno kwa neno. Wakili amesoma ile karatasi mara mbili, amesema hana la kufanya.

Usinikasirikie. Kalamu hakuwa nayo. Niliinuka nikamtafutia mimi.

Mama yako