Jogoo wa Ukurasa wa Arobaini

Kaka yangu,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Paka wako amezaa ndani ya kabati lako, watatu. Tangu nianze barua hii nimefuta meza mara tatu, na haikuwa chafu.

Kitabu chako kilifika kwetu kiwandani Jumanne. Unajua desturi yetu washonaji wa vitabu: mmoja husoma kwa sauti, wengine tunashona. Pale jogoo anapowakataza majogoo wenzake kuwika, tulicheka mpaka sindano zikatudondoka. Afisa aliyekuja kuchukua kalenda zake akauliza, "Mnamcheka nani?" Tukanyamaza wote, ghafla. Kicheko kisingetuponza. Kimya kile ndicho kilichomtaja mtu.

Wamebeba nakala zote. Jalada halina jina, kama ulivyotaka, basi nikasema nimeandika mimi. Usinigombeze, maji yakishamwagika hayazoleki.

Jumatatu wananihoji tena. Wanataka nieleze kwa nini mwishoni nilimfanyia jogoo vile. Kaka, sisi tuliishia ukurasa wa arobaini! Dereva aliyekuletea barua hii anasubiri jibu: ulimfanya nini?

Mimi mdogo wako,
mwandishi.