Mgomo wa Kumtetea Punda

Jumatatu, 3 Machi

Wamempunguza punda! Nimeingia kwenye mchezo wa Miji Saba saa kumi na mbili jioni kama kawaida yangu, nimempakia magunia ishirini, kagoma. Anabeba kumi na mawili tu. Nikasoma tangazo la kampuni: "Baada ya kusikiliza maoni yenu, tumeboresha safari za punda." Maoni ya nani? Ya punda?

Miaka sita nacheza mchezo huu. Nimejenga mji, nimelinda maghala, naongoza Jeshi la Mwiko — watu thelathini na wanne nikijihesabu, na sura ninayoijua ni moja tu, ya baba yangu mzazi. Leo kwenye jukwaa la wachezaji hapakaliki. Mmoja kasema wenye kampuni hawajawahi hata kuucheza mchezo wao. Mwingine kasema wanatuona mazuzu. Mwingine kasema magunia kumi na mawili yanatosha kabisa — huyo wamemrukia mpaka kafuta alichoandika.

Na mimi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitatu, fundi wa miwani, sijavua hata viatu vya kazini, nimeketi nimeandika aya nane kumhusu mnyama ambaye hayupo. Lakini nimeandika vizuri! Laiki mia mbili na kumi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetangaza mgomo. Siku kumi na nne, mtu wa Jeshi la Mwiko asiguse mchezo. Aliyenijaza upepo ni Kisigino, naibu wangu. Anasema tukinyamaza kwa punda, kesho watakuja kwa ng'ombe. Nikaona kweli! Nikaandika kwa herufi kubwa: ATAKAYEINGIA NI MSALITI.

Wote wameweka alama ya ngumi. Baba hajui alama hizo zinapatikana wapi, kwa hiyo ameandika kwa maneno: "Ngumi."

Kazini nimeweka lenzi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Mteja akavaa, akatembea hatua mbili, akashika ukuta. Daktari wa macho kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia ni mambo ya kifamilia. Sikuweza kumwambia ni punda.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe saa kumi na mbili jioni bila mchezo ni ndefu hivi! Nimeosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nimepanga soksi. Nimesoma maelekezo ya nyuma ya pakiti ya sabuni, yote.

Kisha — niandike tu, nani atasoma — nimefungua akaunti mpya. Kwa uchunguzi! Kiongozi lazima ajue upande wa pili kunaendelea nini. Nimejiita Ua la Asubuhi. Wapya wote wanapelekwa Kijiji cha Wageni. Unapewa jembe, mbegu na kuku mmoja. Nilisema nakaa dakika kumi.

Haya, masaa mawili. Kuku ametaga.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata rafiki pale kijijini. Anaitwa Binti Mpole. Mwenye adabu, anaomba radhi hata akikupita njiani. Tumelima pamoja tangu juzi.

Leo tumevamiwa na majambazi. Huyu Binti Mpole, mgeni wa siku tatu, akachimba handaki nyuma ya lango badala ya mbele, akalijaza miiba, akaandika: "CHOMA WOTE, MSIBAKISHE!"

Nikaganda. Duniani kuna mtu mmoja tu anayechimba handaki nyuma ya lango, na mtu huyo asubuhi ya leo kaandika jukwaani kwamba atakayevunja mgomo apakwe masizi. Kisigino! Nilitaka kumfichua pale pale. Vidole viko tayari kabisa. Halafu nikajiuliza nitasemaje — nimekuona mahali nilipokuwa nimejificha?

Nikamwandikia: "Hongera dada, una kipaji." Akajibu: "Asante mpenzi, nabahatisha tu."

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia baba. Dakika moja na sekunde arobaini. Shikamoo. Marahaba. Umekula? Nimekula. Mvua? Hakuna. Haya basi.

Tangu mama atutoke, simu inatushinda sote wawili. Kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Kwenye mchezo ni mtu mwingine kabisa. Tunapakia magunia, masikio yamezibwa na spika, na baba anaongea! Magoti yake. Bei ya betri. Siku ile alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe akakaa juu ya kofia ya babu. Nusu ya ninayoyajua kuhusu mama nimeyapata huku nikimsaidia kupima barabara. Maana alikuwa mpima ardhi mpaka anastaafu, na hawezi kuona barabara imepinda, hata ya kwenye tableti. Mji wetu umenyooka kama rula. Watu wanakuja kuutazama.

Nikamuuliza anaendeleaje na mgomo. Akasema, "Nipo. Nangoja amri yako." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimecheka mpaka daktari katoka chumbani kwake na mgonjwa wake mmoja, jicho moja limefunikwa.

Kampuni imetoa tangazo: majuma haya mawili yamevunja rekodi ya wachezaji wapya! Wanasema ni ushahidi wa jinsi tulivyompokea punda mpya kwa mikono miwili. Wanatushukuru. Wanafikiria kumboresha na ngamia.

Jioni nikazunguka Kijiji cha Wageni taratibu, nikitazama kwa jicho la pili. Nyumba ile isiyo na madirisha — anayejenga hivyo ni Mpishi wetu, anasema madirisha yanaingiza mishale. Yule anayesalimia "wapendwa" kila akiingia — Nesi. Anayepanda vitunguu tupu, shamba zima vitunguu — Fundi Bomba, nani mwingine! Jeshi zima limo humu. Kila mmoja na jembe lake na kuku wake, kila mmoja anajifanya hajui kufungua lango.

Sisi ndio rekodi! Tumewagomea hadi tumewatajirisha kwa takwimu. Na aliyeanzisha ni mimi, mwenye aya nane na laiki mia mbili na kumi.

Jumapili, 16 Machi

Mgomo ulikuwa uishe kesho. Nilidhani tutaumaliza kwa heshima, tuseme ujumbe umefika. Kisigino kasimama, kwa herufi kubwa, anataka siku thelathini zaidi. Hatutapiga magoti, kasema. Bila shaka hapigi! Binti Mpole ana kinu cha kusaga kule kijijini, na kinu chenyewe tumejenga pamoja, hakiwezi kuachwa hivi hivi.

Kura zikaanza kumiminika. Ngumi, ngumi, ngumi. Sijawahi kuona jeshi lenye umoja hivi. Na mimi nikaweka ngumi. Ningeweka nini?

Wa mwisho alikuwa baba. "Naunga mkono. Ila ingefaa tuambiwe tarehe ya mwisho."

Nimeisoma mara tatu. Nikaenda kijijini kuhesabu. Thelathini na watatu, nikijitia na mimi. Nikazunguka tena kutafuta barabara iliyonyooka, hata kichochoro kimoja. Hakuna. Njia zote za kule zimepinda kama utumbo.

Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu wa kiume kapita dukani, mguu wa miwani yake umelegea. Yeye ndiye anakaa jirani na baba. Ananisimulia huku natafuta bisibisi ndogo. Kwamba kila siku saa kumi na mbili kasoro baba anavuta kiti, anaweka tableti mezani, imejaa chaji, spika za masikioni kazitundika shingoni. Haiwashi. Anakaa mbele yake lisaa lizima. Kisha anainuka, anaichomeka tena kwenye chaji.

"Nikamwambia baba, cheza tu, nani anakuona?" mdogo wangu akasema. "Akanijibu, dada yako ndiye kiongozi, sasa mimi nimwangushe mbele ya watu? Hivi dada, mmegombana?"

Nilimwambia hatujagombana. Nikajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia miwani. Nikamwambia ni vumbi la lenzi hili, linaingia machoni. Akasema pole. Anaamini kila kitu, kamrithi baba.

Nimeona aibu. Niandike hivyo hivyo bila kupamba: nimeona aibu sana. Nilidhani nawanyima kampuni kitu. Kampuni hata hawajui kama tupo. Aliyenyimwa ni mtu mmoja, na alikuwa na kitu hicho kimoja tu kwa siku.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika amri ya kumaliza mgomo. Nimeifuta, maana watauliza kwa nini leo, siku nne tu baada ya kuongeza thelathini, na wakianza kuulizana kijiji kitajulikana, na baba atajua. Nimeiandika tena. Nimeifuta.

Kikwazo ni baba. Kisigino na masizi yake simwogopi. Simjui mtu mwingine anayeniamini kiasi cha kukaa mbele ya kitu anachokipenda bila kukiwasha kwa sababu mimi nimesema.

Nimekwenda kulisha kuku.

Jumamosi, 22 Machi

Leo siendi kazini. Saa nne asubuhi, nimekaa mezani na daftari hili nikijaribu amri kwa mara ya tano, simu ikalia. Baba! Yeye ndiye anapiga! Kwa kawaida anabipu tu.

Baada ya shikamoo hakuuliza kama nimekula. Akasema ameandikia kampuni barua, anataka nimsikilize kama imekaa sawa. Akaisoma yote. "Yah: Uzito wa mzigo wa punda. Kwa heshima na taadhima, mimi ni mpima ardhi mstaafu." Ana hoja sita, zina namba. Ametoa hesabu ya mwinuko wa kila kilima kati ya mji wetu na ghala, ameonyesha kwamba punda wa magunia ishirini anafika bila tabu. Nimesoma maoni ya wachezaji miaka sita, matusi kwa makapu, na hii ndiyo barua ya kwanza ambayo mtu mwenye akili angeijibu. Mwishoni amesaini kwa majina yake yote matatu na anwani ya posta.

Nikamwambia ni nzuri sana baba. Na ni nzuri kweli.

Akafurahi. Akasema basi, anaituma, na hapo hapo anafuta akaunti yake. Kabisa. Mji, barabara, miaka sita. Nikamuuliza afute kwa nini. Akasema jioni mkono unamwasha, anaogopa siku moja ataibonyeza. "Sitaki niwe mimi wa kukuaibisha, mwanangu. Nikiifuta, vishawishi vimekwisha. Na wao wataona tunamaanisha." Akanisifia! Akasema mama angeniona sasa, nyumba yetu haijawahi kutoa mtu wa msimamo kama mimi.

Kisha akasema yamemtokea maandishi mekundu, yanamuuliza kama ana uhakika, abonyeze upande gani.

"Usibonyeze baba!"

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Yote, bila kuvuta pumzi. Ua la Asubuhi, jembe, kuku, kinu cha kusaga, tangu siku ya pili ya mgomo. Nilijiweka tayari kwa lile neno msaliti, si nililiandika mwenyewe kwa herufi kubwa? Hakulitamka. Akauliza, taratibu tu, kama anauliza nimefikaje nyumbani:

"Ulikuwa unacheza na nani?"

Nilijiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

Pale pale kukabishwa hodi kwake. Msoma mita wa umeme. Baba akasema, "Subiri kidogo," akaiweka simu mezani bila kukata. Naandika huku nimeibana kwa bega. Nasikia wanasalimiana. Anamwambia mita iko nyuma, angalia ngazi, ya tatu imelegea. Anauliza habari za watoto wake. Anamuaga kwa adabu, kama vile hakuna lolote lililotokea ndani ya nyumba hiyo asubuhi hii.

Jibu ninalo, na si refu. Na wote, baba. Wote, isipokuwa wewe. Nimelijaribu mara mbili peke yangu hapa mezani.

Mlango umefungwa. Nasikia ndara zake zinarudi.