Mjomba Masanja mlangoni mwa ghala

Nkololo, Jumamosi, msimu wa pamba

Amenizuia mlangoni. Mimi, mpwa wake wa damu!

Nilikwenda kuliangalia ghala la ushirika, lile ambalo mjomba Masanja alililinda miaka yote na mgambo wenzake. Sura ya tatu ya kitabu changu imesimama juu yao: raia aliyefunzwa silaha hulinda mali ya umma kwa sababu ni yake. Chuoni Dar nimewafundisha wanafunzi hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Kumbe ghala limekodiwa na mnunuzi binafsi kutoka Mwanza. Mjomba yuko pale pale, na koti lake lile lile la mgambo, rungu mkononi.

"Haruhusiwi mtu kuingia."

"Mjomba, ni mimi."

"Nakuona. Rudi nyuma."

Nikamuuliza sasa analinda mali ya nani. "Ya tajiri," akajibu bila haya. "Ile ya ushirika ilikuwa yetu, na viongozi wetu wakaiiba kwa mlango huu huu, sisi tukiwapigia saluti."

Sasa ile sura ya tatu... Sijui. Nidhamu niliyoisifu ipo, haijapungua hata kidogo. Ila nilidhani inatoka kwingine kabisa. Jumatatu ijayo nitawaambia nini wanafunzi?

Jioni mjomba alikuja kula kwetu, akacheka na mama kama kawaida yao. Nilimuuliza kama kweli angenipiga na lile rungu, ningelazimisha kuingia.

"Ningekupiga," akasema, huku akinisogezea maziwa. "Kunywa, mpwa wangu. Umekonda."