Springi Niliyoificha Chini ya Trekta ya Baba Mkwe

Shangazi Emmaculate, pokea salamu zangu na unisaidie kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, maana nilifanya jambo la wema na sasa linaelekea kumvunja mtu mgongo.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kikuu hapa Chepkoilel, kwetu ni Siaya, na nimeoa kwa Mzee Gathogo wa kijiji cha Ziwa, mzee wa miaka sabini na moja ambaye tangu siku ya mahari ananiita "huyu wa chupa" kwa sababu anaamini kazi yangu ni kuosha chupa za wanafunzi. Mzee ana trekta ndogo ya bustani, nyekundu iliyopauka, kuukuu kuliko mimi, ambayo ukisimama kando yake usukani unakufika kiunoni, aliinunua kwenye shamba la mzungu aliyekuwa anahama, na anaiita Mheshimiwa kwa sababu inakunywa sana, inapiga kelele na kazi yenyewe inafanya ikitaka. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata mafuta anaweka mwenyewe.

Sasa shangazi, Mheshimiwa haina nguvu yake ya kuinua plau, kwa hivyo kila ukifika mwisho wa mstari lazima uvute mkono mrefu wa chuma ulio kando ya kiti ndipo plau itoke udongoni ugeuze, na plau hiyo ni nzito, na mgongo wa mzee umeharibika, daktari wa mjini alimwambia asiinue kitu kizito kuliko jagi la maji, akamwandikia tarehe ya kurudi kupigwa picha, naye akaenda shambani kulima sehemu ya viazi. Nilikuwa naye siku hiyo, nikamsikia akilia mwishoni mwa kila mstari akidhani kelele ya injini inamficha.

Nikaona kwenye YouTube wazee wa ng'ambo wenye matrekta kama hayo wakifunga springi nene kutoka kwenye fremu hadi kwenye kile chuma kinachobeba plau, ili springi ivute sehemu kubwa ya uzito na mtu avute kidogo tu. Nikatafuta springi kwa wauza vyuma vikuukuu Eldoret, nikanunua bolti na kipande cha mnyororo, na Jumapili wote walipoenda kanisani nikasema naumwa na tumbo, Mama Shiko, mama mkwe wangu, akaniachia uji, nikalala chini ya Mheshimiwa masaa mawili kwenye matope. Nilipomaliza nikaipaka springi matope na grisi ya zamani ili ionekane imezaliwa hapo, kwa sababu nilijua mzee akijua ni mkono wangu ataing'oa siku hiyo hiyo.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba Jumapili hiyo hiyo mzee aliitwa mbele akaombewa mgongo.

Jumatatu akavuta ule mkono wa chuma ukaja kama mlango wa kabati. Akazima injini, akaita, "Mama Shiko, kuja uone. Mkono moja. Hii mgongo imepona." Mama Shiko akaja, akaona, akapiga magoti kwenye viazi. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi nikitafuta pa kujificha.

Mzee amefuta miadi ya daktari, ametoa ushuhuda kanisani, na ameahidi kwamba Jumapili ya shukrani ya mavuno atabeba gunia la mahindi la kilo tisini begani kutoka getini mpaka madhabahuni, na hataki kujaribu nyumbani kwanza, anasema kujaribu ni kukosa imani. Lakini shangazi, nimemwona akiinuka kutoka kwenye kiti, bado anashika meza. Mke wangu Nduta nimemwambia, akanijibu, "Ukimwambia utamwua na aibu. Usipomwambia gunia itamwua. So chagua." Nampenda huyu mzee ingawa hanipendi. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu mzee husoma ukurasa wako kila Alhamisi, tena kwa sauti, akimaliza matangazo ya vifo.

Mkwe wa Chupa, Chepkoilel

SHANGAZI EMMACULATE ANAJIBU

Wewe wa chupa, nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu pale getini kuna gunia linamngoja mtu.

Tuanze na wewe. Ulifanya kazi nzuri halafu ukaificha kama mwizi wa kuku. Ulimdanganya mama mkwe tumbo linauma, ukanywa uji wake, na sasa wiki nzima unamwacha mzee mgonjwa atangaze muujiza uliopakwa grisi. Huo si wema tena, huo ni woga. Mtu aliyekuita jina la dharau asikufanye uogope kumwokoa.

Halafu unaniambia nisitaje jina lako. Sikutaji. Lakini niambie, Ziwa ina trekta ngapi nyekundu zinazoitwa Mheshimiwa? Kurasa za ushauri ziko nyingi, ukaniandikia mimi, ukijua mzee ananisoma kwa sauti. Usinifanye mjinga. Ulitaka nikusemee. Haya, nimekubali, ila kazi iliyobaki ni yako.

Nilimpigia Wepukhulu, anayetengeneza trekta kuukuu hapa mjini vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anasema springi yako ni kazi ya mtu mwenye akili, ila kuna jambo umelisahau. Siku mzee akifungua plau bila kulegeza springi kwanza, ule mkono wa chuma utaruka juu peke yake na kumtoa meno. Kwa hivyo mzee lazima ajue springi iko, hata kama hakungekuwa na gunia. Nenda Ziwa leo na spana zako. Mwonyeshe namna ya kuilegeza. Toa plau, mahali pake ufunge jukwaa dogo la mbao na chuma la kubebea gunia, uongeze springi ya pili, na kesho Ijumaa mjaribu kwa gunia la mchanga, watu wakae mbali. Ikishindwa kuinua, gunia libebwe na vijana wa kanisa na hadithi iishe.

Sasa niruhusu nizungumze na anayesoma kwa sauti.

Mzee Gathogo, shikamoo. Punguza sauti kidogo, hapa tuko wawili tu. Mgongo wako haujapona, na wewe unajua, kwa sababu ni wewe unayeshika meza. Usibebe lile gunia. Rudi kwa daktari wiki hii. Jumapili uingie kanisani umeketi juu ya Mheshimiwa, gunia likiwa nyuma, ulishushe na kuliinua mbele ya watu kwa mkono mmoja, kama ulivyomwonyesha Mama Shiko. Hakuna atakayekucheka. Na ukiulizwa ushuhuda, sema ukweli: uliomba nguvu kanisani, na saa hiyo hiyo mtu alikuwa amelala kwenye matope nyumbani kwako akikufungia springi. Mimi sioni maombi yaliyojibiwa haraka kuliko hayo.

Mkwe wako hakuwa anaumwa na tumbo siku ile, mzee. Alikuwa amekusikia ukilia mwishoni mwa mstari. Akifika na spana zake leo, mwite kwa jina lake.